Kuchuja maombi ya kazi bila kufunga duka: mwongozo kwa mwajiri mdogo wa Nairobi

Bandika tangazo la nafasi moja ya kazi kwenye kikundi cha WhatsApp cha mtaa Jumatatu asubuhi, na kabla ya saa sita simu yako haitashikika. Zitaingia CV za kurasa nne, picha za vyeti zilizopigwa gizani, "nafasi bado iko?" zisizo na salamu wala jina, na jamaa wa nyumbani atapiga kukukumbusha kwamba kijana wake alimaliza shule na amekaa tu. Wakati huohuo mteja amesimama kwenye kaunta akingoja chenji. Kampuni kubwa ina idara nzima ya kushughulikia mambo hayo. Wewe uko peke yako, pengine na mwenzako anayekusaidia stoo siku za Jumamosi.

Mwongozo huu ni wa mwajiri wa namna hiyo: mwenye hadwea (duka la vifaa vya ujenzi) Kayole, mwenye saluni Roysambu, mwenye mkahawa mdogo Ngong Road, fundi wa simu wa Luthuli anayehitaji msaidizi mmoja. Msimamo wangu ni kwamba sehemu kubwa ya kuchuja humalizika kabla ombi la kwanza halijaingia. Anayetangaza "Tunahitaji keshia, tuma CV" amejipangia kusoma CV mia moja zinazofanana. Anayeketi nusu saa kwanza na kalamu husoma chache, tena kwa haraka. Na kuna mtu upande wa pili: aliyeomba amenunua bando, amelipa saiba (duka la intaneti) wamchapie CV, na amekwisha kupiga hesabu ya kodi ya nyumba kwa mshahara wako. Utaratibu mzuri unamtendea haki hata yule ambaye hatapata.

Mfano wetu hadi mwisho utakuwa duka la vifaa vya ujenzi Kayole linalotafuta mhudumu wa kaunta. Badilisha saruji iwe unga, au nywele, au vioo vya simu, hatua hazibadiliki.

Hatua ya 1: Andika siku ya kazi ilivyo

Kabla ya kufikiria sifa za mtu, chukua karatasi uandike atakachofanya tangu kufungua hadi kufunga. Saa moja na nusu asubuhi anahesabu chenji ya kuanzia. Lori la saruji likifika, anahesabu mifuko inaposhushwa na kutia sahihi. Anapima misumari, anakata waya, anaandika daftari la madeni ya mafundi. Anathibitisha kila malipo ya M-Pesa. Jioni anafunga hesabu: pesa taslimu, Till (nambari ya duka ya kupokea M-Pesa), madeni, na kilichotoka stoo.

Sasa kutoka kwenye orodha hiyo chagua masharti matatu, si zaidi. Kila sharti lipimwe kwa swali moja: asipokuwa nalo siku ya kwanza, kazi itakwama? Kujua tofauti ya mabati ya geji 28 na geji 32 si sharti, hilo hufundishwa hapohapo dukani. Hesabu za haraka ni sharti. Kufika saa moja na nusu siku sita kwa wiki ni sharti. Kuwahi kushika pesa za mtu mwingine, iwe kazini, kanisani au kwenye chama cha kuweka akiba, ni sharti, kwa sababu anayeshika pesa kwa mara ya kwanza atajifunza kwa pesa zako.

Uaminifu je? Bila shaka unautaka, lakini hauonekani kwenye karatasi. Kila mwombaji ataandika kwamba ni mwaminifu. Uweke kando, utaupima baadaye kwa njia nyingine.

Kuna mazoea mjini ya kudai digrii au uzoefu wa miaka mitano ili tu kupunguza rundo la maombi. Yaache. Digrii kwa kazi ya kaunta huwafungia nje watu wanaoifaa kazi, na aliye nayo ataendelea kutafuta kazi nyingine akiwa amesimama kwenye kaunta yako. Utarudi kutangaza upya kabla hujamaliza kumfundisha.

Hatua ya 2: Tangazo lifanye nusu ya kazi

Tangazo zuri huwafanya wasiofaa wajiondoe wenyewe bila kukusumbua. Mambo matatu hufanya hivyo kuliko mengine yote: mshahara, saa za kazi, na mahali hasa.

Wengi huficha mshahara wakidhani wanajipa nafasi ya kupatana. Matokeo yake ni kwamba unapoteza jioni nzima kuwahoji watu ambao wangekataa kiasi chako kwa sekunde moja. Kitaje. Kabla ya kukitaja, angalia amri ya mishahara ya serikali inayotumika sasa, kwani viwango vya Nairobi ni vya juu kuliko vya miji midogo, na keshia ana kiwango chake, tofauti na kibarua wa kawaida. Hesabu pia kitakachotoka mfukoni mwako juu ya mshahara: mchango wako wa NSSF (akiba ya uzeeni) na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, ambayo wewe unalipa na yeye anakatwa vilevile. Asilimia 2.75 ya SHIF (bima ya afya ya serikali) hukatwa kwenye mshahara wake, kwa hiyo sema wazi kama kiasi ulichotangaza ni kabla ya makato au baada yake.

Tangazo lenyewe laweza kuwa hivi:

"Nafasi ya kazi: mhudumu wa kaunta, duka la vifaa vya ujenzi, Kayole. Jumatatu hadi Jumamosi, saa 1:30 asubuhi hadi saa 12:00 jioni, na saa moja ya chakula. Mshahara: Sh … kwa mwezi kabla ya makato. Kazi: kuhudumia wateja, kupokea pesa na M-Pesa, kuandika risiti, kuhesabu stoki. Lazima uwe umewahi kushika pesa za biashara, chama au kikundi. CV si lazima. Jaza fomu hii kabla ya Ijumaa saa 11:00 jioni. Usitume vyeti wala nakala ya kitambulisho. Hakuna malipo yoyote ya kuomba kazi hii. Tutawapigia watakaochaguliwa kufikia Jumatano, na wengine tutawatumia ujumbe."

Sentensi ya kutolipa usiiache. Wanaotafuta kazi Nairobi wametapeliwa sana na watu wanaodai pesa za "kusajiliwa" au za "mafunzo", na wengi wenye akili timamu hupita tangazo lisilo na hakikisho hilo.

Usiandike "msichana mrembo", "kijana wa chini ya miaka 25", "asiwe na watoto" au lugha ya nyumbani anayopaswa kuijua. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamlinda hata anayetafuta kazi: huruhusiwi kumbagua kwa rangi, jinsia, dini, kabila, lugha, msimamo wa siasa, ulemavu, ujauzito au hali ya HIV. Mbali na sheria, matangazo ya aina hiyo huwafukuza watu wazima waliowahi kuendesha nyumba na chama, ambao mara nyingi ndio wanaojua kutunza senti.

Hatua ya 3: Maswali matatu kabla ya CV

Hapa ndipo ningekuomba utumie muda mwingi kuliko kwingine kote.

CV ya Nairobi mara nyingi ni kazi ya mhudumu wa saiba. Ana muundo mmoja kwenye kompyuta yake, anabadilisha jina na shule, na kila mteja anatoka pale akiwa "mchapa kazi anayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa". Siku hizi barua za maombi nazo huandikwa na programu za akili mnemba, kwa Kiingereza kisicho na doa. Kwa hiyo urembo wa karatasi haukuambii chochote kuhusu atakayesimama kwenye kaunta. Maswali mafupi yaliyotoka kwenye kazi yenyewe yanakuambia.

Swali la kwanza liwe la ratiba: "Utafikaje Kayole saa 1:30 asubuhi, na utarudije nyumbani jioni?" Usiulize mtaa pekee kisha ukaamua kichwani kwamba Rongai ni mbali. Mwache aeleze njia yake. Anayetaja matatu mbili, saa ya kuamka, na atakachofanya mvua ikinyesha na nauli kupanda, amekwisha kuwaza jambo hilo kwa makini.

La pili liwe hesabu ya dukani: "Mteja amenunua kilo 3 na nusu za misumari kwa Sh 180 kila kilo, na mifuko 2 ya saruji kwa Sh 750 kila mfuko. Amekupa Sh 2,500. Utamrudishia kiasi gani?" Jibu ni Sh 370. Ndiyo, anaweza kutumia kikokotoo cha simu. Hata dukani kikokotoo kipo. Unapima kama anasoma kwa makini na kupanga hesabu sawasawa.

La tatu ndilo ninalolithamini zaidi: "Fundi anayekuja mara kwa mara anakuonyesha ujumbe wa M-Pesa kwenye simu yake kwamba amelipa Sh 4,800. Simu ya duka haijapata ujumbe. Amepakia mzigo kwenye mkokoteni na ana haraka. Utafanya nini?"

Soma majibu ya swali hili polepole. Atakayejibu "nitamwamini kwa sababu ni mteja wetu" amekuonyesha hasara yako ijayo, kwani ujumbe bandia wa M-Pesa ni wizi wa kila siku katika maduka ya mji huu. Atakayejibu "nitamwambia ni mwizi na nimfungie mlango" atakufukuzia mafundi. Unayemtafuta ni yule anayesema: nitamwomba radhi asubiri kidogo, nitaangalia miamala ya Till kwenye programu ya biashara kwa sababu ujumbe huweza kuchelewa, nikikosa nitampigia bosi, na mzigo hautoki mpaka pesa zionekane. Adabu na msimamo katika sentensi tatu. Hakuna CV itakayokuonyesha hilo.

Mwenye saluni aulize kuhusu mteja anayesema dawa inamchoma kichwa ilhali muda wa kuosha haujafika. Mwenye mkahawa aulize kuhusu meza ya watu sita wanaotaka bili zilizotenganishwa saa saba mchana. Chukua tukio lililowahi kukusumbua, liandike kama lilivyokuwa.

Hatua ya 4: Fungua mlango mmoja tu

Ukipokea maombi kwa WhatsApp, barua pepe, bahasha na simu kwa pamoja, hutajua nani amesomwa na nani hajasomwa. Chagua njia moja.

Fomu ya Google ndiyo rahisi kwa mwajiri mdogo: hailipiwi, hufunguka kwenye simu yoyote yenye intaneti, na majibu huingia yenyewe kwenye jedwali unaloweza kulichambua. Weka maswali yote kuwa ya lazima. Usiweke sehemu ya kupakia faili, kwa maana hiyo humlazimisha mwombaji kuingia kwa akaunti ya Google, na wengi wanaotumia simu ya kuazima au ya saiba watakwama hapo.

Kama unaona waombaji wako ni watu wa WhatsApp tu, sajili laini nyingine kwenye WhatsApp Business. Weka ujumbe wa kukaribisha unaojituma wenyewe ukiwa na yale maswali matatu, na utumie lebo za rangi kutenga mazungumzo: mpya, amesomwa, apigiwe, amejibiwa. Laini ya duka ibaki ya wateja.

Wa barua pepe watakuwepo. Mjibu kila mmoja kwa sentensi ileile yenye kiungo cha fomu. Asiyejaza baada ya hapo amejitoa.

Kisha acha fomu ijae bila kuigusa. Kuchungulia kila ombi linapoingia, katikati ya wateja, ndiko kunakokula wiki nzima, na humpa aliyewahi upendeleo ambao hakuufanyia kazi.

Hatua ya 5: Kikao cha kwanza, dakika moja kwa kila ombi

Tenga jioni moja baada ya kufunga, au Jumapili alasiri. Kwa maombi 80, dakika moja kwa kila moja ni saa moja na dakika ishirini.

Kabla ya kuanza, ficha safu ya majina kwenye jedwali na uwape waombaji nambari. Ninalisisitiza hili kwa moyo wangu wote. Katika nchi hii jina la ukoo hutaja kabila kabla mtu hajafungua mdomo, na sote tumelelewa na fununu kuhusu nani ni mwizi na nani ni mvivu. Huwezi kuzing'oa fununu hizo kichwani kwa jioni moja, lakini unaweza kulifunika jina mpaka umalize kusoma majibu.

Kikao hiki kina swali moja: masharti matatu yapo? Andika "ndiyo", "hapana" au "labda" kando ya kila nambari, halafu songa mbele. Usipime nani ni bora kuliko nani, hilo bado.

Tuseme una waombaji wawili kama hawa. Nambari 14 amebandika kiungo cha CV yenye rangi na picha, ana diploma ya usimamizi wa biashara, anaandika kwamba ana shauku ya kukuza kampuni yako. Chenji amejibu Sh 350. Kwenye swali la fundi ameandika "nitahakikisha mteja ameridhika". Nambari 31 hana CV. Alimaliza kidato cha nne, akasaidia kibanda cha nyanya na vitunguu cha mama yake soko la Wakulima, na ni mweka hazina wa chama cha akina mama kumi na wawili. Chenji Sh 370. Kwa fundi amesema mzigo ushuke kwenye mkokoteni kwa heshima hadi Till isome. Ukiwa umechoka saa tatu usiku, jicho litavutwa na rangi za nambari 14. Masharti uliyoandika kwenye karatasi yanakupeleka kwa nambari 31, nayo ndiyo sababu uliyaandika ukiwa hujachoka.

Makosa ya kuandika Kiingereza yasikuzuie kama kazi itafanyika kwa Kiswahili na Sheng. Pengo la mwaka mzima bila kazi nalo si hatia. Watu huuguza wazazi, hujifungua, na biashara nyingi zilifungwa mwaka 2020 wakati wa korona. Likikutatiza, andika alama ya kuuliza na umuulize kwa simu.

Ukimaliza, hesabu "ndiyo" zako. Zikiwa kati ya nane na kumi na tano, "labda" zote ziache. Zikiwa chini ya tano, rudi kwenye "labda". Zikiwa arubaini, sharti lako moja lilikuwa jepesi mno. Lipe uzito swali la tatu na usome tena hizo arubaini peke yake.

Hatua ya 6: Mtoto wa shangazi

Watakuja, na wataletwa na watu usioweza kuwakatalia kwa urahisi: shemeji, mzee wa kanisa, mwenye nyumba. Jibu liwe moja kwa wote: "Asante, mwambie ajaze fomu kama wengine kabla ya Ijumaa, nitamsoma." Akifaa, majibu yake yatamtetea. Asipofaa, una la kusema lisilovunja undugu: wengine walijibu vizuri zaidi. Hali kadhalika kwa wanaopendekezwa na wafanyakazi wako. Mapendekezo yao huwa mazuri, kwa kuwa wao ndio watakaobeba mzigo wa mtu mvivu, lakini fomu ni ileile.

Hatua ya 7: Simu ya dakika tano

Hapa sasa majina yafunuliwe. Piga simu wakati mtu anaweza kuongea, mfano saa saba mchana au baada ya saa kumi na moja. Asipopokea, tuma ujumbe kwamba utapiga tena saa fulani, na upige. Mwombaji anaweza kuwa yuko kwenye kibarua, au hana salio la kukupigia. Simu moja iliyokosa kupokelewa isimnyime nafasi.

"Habari yako. Mimi ni mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kayole, uliomba kazi ya kaunta. Una dakika tano tuongee?" Kisha: kuthibitisha mshahara na saa, anaweza kuanza lini, lile pengo au lolote lisiloeleweka, na hatimaye, "Nieleze siku moja pesa zilipokosa kulingana jioni, ulifanya nini?" Aliyewahi kushika pesa kweli ana kisa cha namna hiyo na atakisimulia bila kutafuta maneno. Andika jibu lake kwenye jedwali papo hapo, kwa maneno yake mwenyewe, maana ukipiga simu ya sita utakuwa umesahau ya pili.

Usiulize kama ameolewa, kama ni mjamzito, au anaabudu wapi. Ukitaka kujua kama atafika Jumamosi, muulize kuhusu Jumamosi.

Kutoka hapo alika wanne au watano.

Hatua ya 8: Waone wakifanya

Mahojiano yafanyike dukani, saa iliyo na utulivu, kwa mfano saa tatu asubuhi Jumanne. Wape wote maswali yaleyale kwa mpangilio uleule, na upe kila jibu 0, 1 au 2. Kisha mpe kila mmoja kazi ndogo ya robo saa: ukurasa mmoja wa daftari la mauzo lenye makosa mawili uliyoyapanda, ayatafute. Angalia anavyopitisha kidole kwenye mistari. Angalia kama anauliza swali au anabuni jibu. Wapo wanaojieleza kama wanasiasa na daftari likawashinda, na wapo wakimya ambao watakupatia kosa la tatu ambalo hukujua lipo.

Warudishie nauli. Mia moja au mia mbili kwa kila mmoja wa watu watano haitakufilisi, na kwa mtu asiye na kazi ni chakula cha jioni. Ukitaka mtu afanye siku nzima ya majaribio, mlipe siku hiyo kama kibarua. Kumfanyisha mtu kazi bure kwa kisingizio cha kumjaribu ni dhuluma.

Hatua ya 9: Thibitisha mwishoni, kwa mmoja au wawili

Vyeti, cheti cha maadili mema, warejelewa (watu wanaomjua kikazi): haya yote huja sasa, kwa yule unayetaka kumwajiri na aliyemfuata. Cheti cha maadili mema peke yake hugharimu Sh 1,050 kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, mbali na nauli ya kwenda kupigwa alama za vidole. Kuwadai watu themanini gharama hiyo kwa nafasi moja ni ukatili, na Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka 2022 ili mwajiri adai vyeti vya aina hiyo pale tu anapokusudia kuingia katika mkataba wa maandishi na mtu huyo.

Cheti cha shule kione kwa macho, nakala halisi. Vyeti bandia si hadithi: Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilieleza kwamba ukaguzi katika taasisi za serikali ulinasa zaidi ya 2,000. Kama kazi yako inategemea cheti kwelikweli, KNEC, baraza la mitihani la taifa, ina huduma ya kuthibitisha matokeo ya mtihani kwa malipo. Dereva, leseni yake ikaguliwe kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Wa jikoni awe na cheti cha afya cha kushughulikia chakula. Kwa kaunta ya hadwea, ningetumia nguvu zangu kwa waliowahi kufanya kazi naye.

Lakini usipige tu nambari aliyokupa. Huenda ni ya binamu yake. Tafuta nambari ya biashara yenyewe mtandaoni au kwenye risiti yao, au ukipita upande huo ingia uulize. Maswali mawili yanatosha. "Alikuwa akishika pesa kiasi gani kwa siku?" Na: "Leo hii ungemrudisha kazini?" Kwenye la pili, sikiliza muda anaochukua kabla ya kujibu. Kama mwombaji hajawahi kuajiriwa, mwenyekiti wa chama au mama wa kibanda jirani anajua mengi.

Uaminifu, ule ulioweka kando mwanzoni, unapimwa hapa na katika miezi ya kwanza. Sheria inaruhusu kipindi cha majaribio kisichozidi miezi sita, ambacho kwa makubaliano chaweza kuongezwa lakini kisipite miezi kumi na miwili kwa jumla, na katika kipindi hicho upande wowote unaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya siku saba. Kazi ya miezi mitatu au zaidi inataka mkataba wa maandishi. Uandike kabla ya siku ya kwanza, hata ukiwa wa kurasa mbili: kazi, mshahara, saa, likizo, majaribio, sahihi.

Hatua ya 10: Wajibu, kisha ufute

Mpigie uliyemchagua. Mpigie na aliyemfuata, umwambie ukweli kwamba alikuwa wa pili na uulize kama unaweza kuhifadhi nambari yake kwa miezi mitatu. Wa kwanza akikosa kufika siku ya tatu, na hutokea, hutaanza upya.

Wengine watumie ujumbe uleule kwa pamoja: "Habari. Asante kwa kuomba kazi ya kaunta Kayole. Nafasi imepata mtu. Tulisoma ombi lako lote. Tunakutakia heri unapoendelea kutafuta." Ni kazi ya dakika kumi. Kwa wale uliowaona ana kwa ana ongeza sentensi moja ya kweli, mfano "daftari ulilifanya vizuri, mwenzako alikuwa na uzoefu zaidi wa stoki". Mtu huyo huenda akawa mteja wako, au fundi wa mteja wako.

Halafu futa. Majina, simu na majibu ya watu hao ni data zao, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka uzitumie kwa kazi uliyosema tu na usizihifadhi kupita mahitaji. Waliokutumia picha za kitambulisho bila kuombwa, zifute na kwenye hifadhi ya picha za simu, kwa maana WhatsApp huweza kuzihifadhi huko yenyewe. Usigawe jedwali lako kwa mwenye duka jirani, hata kama naye anatafuta mtu. Mpe tangazo lake na maswali yake.

Mwisho, ingia kwenye fomu uzime upokeaji wa majibu, na uondoe tangazo kwenye kila kikundi ulikolibandika, ukiandika "nafasi imejaa" pale ambapo halifutiki. Tangazo likiachwa huendelea kusambazwa kwa wiki kadhaa, na kuna mtu Dandora au Mlolongo atakayelipa saiba kuomba kazi ambayo haipo.